Pua isiyoungua: Utafiti wa vihisi vidogo vinavyonusa gesi ndani ya moto

Unajua gesi gani huua pua yako kwanza, kisha ikugeukie wewe?

Inaitwa haidrojeni salfaidi. Ni ile harufu ya yai viza unayokutana nayo ukipita karibu na visima vya mvuke kule Olkaria, Naivasha. Ikiwa kidogo, hata chini ya sehemu moja katika sehemu milioni moja za hewa, pua inaishika mara moja. Lakini ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni, neva za kunusa zinalemewa. Dakika chache tu na harufu imeisha. Unadhani gesi imeenda zake, kumbe iko palepale na labda inazidi. Ikipanda zaidi mara kadhaa, mtu huanguka ghafla na anaweza kufa.

Kaboni monoksaidi nayo haina hata adabu ya kunuka. Ndiyo ile ya jiko la makaa lililoachwa ndani ya keja usiku wa baridi, madirisha yamefungwa. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini, inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki.

Kwa hivyo tusidanganyane, pua ya binadamu si ya kutegemewa. Tunahitaji pua ya kutengenezwa. Sasa fikiria kazi ya kuunda pua ambayo haitakaa ukutani sebuleni, bali ndani ya bomba la mvuke, tanuri la simiti au ekzosi ya gari, mahali ambapo simu yako ingegeuka uji. Hiyo ndiyo kazi ambayo wanafunzi wa uzamifu, yaani PhD, katika vyuo vikuu mbalimbali duniani wanaitolea miaka mitatu, minne au zaidi ya maisha yao. Na hata kama fizikia ulii-drop kidato cha pili, hii stori inakuhusu.

Sensa, lakini si ya kuhesabu watu

Fundi wa gari atakuambia "sensa imekufa". Vitabuni kifaa hicho huitwa kihisi. Ni kitu kinachogusana na mazingira, kisha kinageuza kilichogusa kuwa alama ya umeme ambayo kompyuta inaweza kuisoma.

Vihisi vya gesi vinavyostahimili joto si jambo geni kwako. Kama umewahi kupanda Probox au Vitz ya petroli, ulikalia mita chache kutoka kwa kimoja. Kimefungwa kwenye ekzosi na kinapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme kidogo. Petroli ikizidi, utapata karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya gari inasoma namba hizo na kuongeza au kupunguza mafuta, mara nyingi ndani ya kila sekunde chache.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka wa 1976, na magari ya kwanza kukibeba yalikuwa ya Volvo yaliyopelekwa soko la Marekani. Na hapa kuna jambo la kushangaza: kihisi hicho hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kinataka zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi ndipo kiamke. Kwa hivyo joto si adui siku zote. Wakati mwingine ndilo chai ya asubuhi.

Ilianzia jikoni kule Japan

Tawi jingine la ukoo huu lilizaliwa Japan. Baada ya vita vya pili vya dunia, familia nyingi huko zilianza kupikia gesi ya mtungi, na ajali za kuvuja na kulipuka zikafuata. Mkenya hahitaji kufafanuliwa hili. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi jijini Nairobi, ikaua watu na kujeruhi zaidi ya 200.

Mwaka wa 1962, Tetsuro Seiyama na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kyushu walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksaidi ya zinki ukipashwa moto hubadilisha ukinzani wake wa umeme unapokutana na gesi. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliwasilisha ombi la hataza ya kifaa kama hicho. Baadaye yeye na kampuni yake, Figaro, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, wakafanya oksaidi ya bati kuwa malighafi maarufu ya ving'ora vya gesi vya nyumbani.

Kinafanyaje kazi? Chukua chembe za oksaidi ya bati, uzipashe moto kati ya nyuzi 200 na 400. Oksijeni ya hewani inakuja kukaa juu ya kila chembe na kunyakua elektroni zake, kama kanjo anavyonyakua bidhaa za mchuuzi. Elektroni zikipungua, umeme unapita kwa shida. Sasa lete gesi inayowaka, kama ile ya mtungi, au kaboni monoksaidi. Gesi inaungana na ile oksijeni na kuiondoa. Elektroni zinarudishwa kwa mwenyewe, umeme unapita kwa urahisi tena, king'ora kinalia.

Ona kwamba yote haya yanatokea juu ya uso wa chembe. Katikati ya chembe hakuna kazi inayofanyika. Hapo ndipo nano inapoingia.

Mchemraba mmoja, uwanja mzima wa mpira

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000.

Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita moja, kama kipande cha sukari ya hotelini. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukikatakata mchemraba huohuo hadi upate vijichemraba vya nanomita moja kila upande, jumla ya nyuso zake inakuwa mita 6,000 za mraba. Hiyo inakaribia uwanja wa mpira. Hujaongeza hata gramu moja, umekata tu.

Uso mkubwa ni sehemu nyingi za gesi kutua, na hiyo inamaanisha pua kali. Mwaka wa 1991, kundi la Noboru Yamazoe, pia wa Kyushu, lilichapisha matokeo ambayo watafiti wa fani hii hadi leo huyarejelea. Chembe za oksaidi ya bati zikipunguzwa hadi karibu nanomita 6, wepesi wake wa kuhisi hupanda ghafla. Sababu ni kwamba ule unyakuzi wa elektroni huingia ndani kama nanomita 3 kutoka kila upande. Chembe ya nanomita 6 basi inashikwa nzima. Gesi kidogo tu ikipita, chembe yote inatikisika.

Mpaka hapo mambo ni poa. Tatizo linaanza unapoongeza moto.

Moto unapoila nano

Umewahi kutazama sufuria ya supu na kuona matone madogo ya mafuta yakielea juu? Ukiiacha kwa muda, matone yanaungana. Madogo yanamezwa na makubwa, mwishowe unabaki na madimbwi machache. Chembe za nano hufanya vilevile zikikaa kwenye joto kali. Zinashikana na kukua, na ule uwanja wa mpira unanywea polepole hadi unarudi kuwa meza.

Hapa ndipo mtihani wenyewe ulipo. Kinachofanya kihisi kiwe kikali ni udogo wa chembe, na udogo huo ndio kitu cha kwanza ambacho joto linauharibu. Ukitengeneza pua kali, inaungua. Ukitengeneza isiyoungua, mara nyingi inakuwa butu. Tasnifu nyingi za fani hii, ukiondoa maneno makubwa, zinajaribu kupata kitu katikati ya hayo mawili.

Na joto haliji peke yake. Mvuke wa maji unakalia nafasi za gesi na kumchanganya kihisi. Salfa inakwama juu ya metali na kuziba njia. Nyaya za kuunganisha zinatanuka kwa kipimo tofauti na kauri iliyo chini yake, zinaachana. Kisha kuna elektroniki zenyewe. Chipu ya kawaida ya silikoni huanza kuyumba joto likipita nyuzi 150 hivi, kwa sababu elektroni zinapata nguvu za kuruka ovyo, na swichi iliyofaa kuzima inakataa kuzima.

Kisha kuna lile la kutofautisha. Oksaidi ya bati inajua kuna gesi, lakini si hodari wa kusema ni ipi. Mvuke wa pombe na gesi ya mtungi zinaweza kuishtua kwa namna inayofanana. Ndiyo maana watafiti hupanga vihisi kadhaa tofauti pamoja, kila kimoja na upendeleo wake, halafu wanafundisha programu ya kompyuta kusoma mpangilio wa majibu yote kwa pamoja.

Siku ya kwanza si kitu, siku ya mia ndiyo mambo

Mwanafunzi wa uzamifu anayefanya kazi hii hukaa maabara akifanya nini hasa?

Kwanza anapika. Anachanganya chumvi za metali kwenye maji au alkoholi, anapata unga au nyuzi nyembamba mno, kisha anauchoma tanurini. Halafu anakagua alichopika kwa miali ya eksirei na darubini ya elektroni, ajue chembe zina ukubwa gani na zimejipanga vipi. Baadaye anapaka tabaka la unga huo juu ya kibamba cha kauri chenye nyaya za dhahabu au platini, anakifungia kwenye chemba, anakipasha moto na kupitisha gesi kwa kipimo.

Siku ya kwanza, karibu kila kihisi kipya kinafanya vizuri. Grafu inapanda, picha inapendeza, na ni rahisi kutamani kuandika makala haraka utangaze ushindi. Swali gumu ni siku ya mia. Je, ukileta gesi ileile, kipimo kilekile, baada ya saa elfu moja kwenye nyuzi 600, bado jibu ni lilelile? Au limesogea kidogo kidogo bila mtu kutambua?

Kwa nini kusogea huko ni noma? Kwa sababu kihisi kilichokufa kabisa hukupa ishara: taa inazima, unakibadilisha. Kihisi kinachoendelea kuonyesha namba huku kimepoteza ukweli wake ni hatari zaidi. Kinakuambia hewa ni salama na wewe unaingia.

Dawa zinazojaribiwa ni nyingi. Wengine huchanganya oksaidi ya pili inayokaa kati ya chembe na kuzizuia zisiungane, kama refa katikati ya ugomvi. Wengine huzivalisha chembe ganda jembamba linalopitisha gesi. Wengine huchoma kihisi mapema kwenye joto kubwa kuliko la kazini, wakubali kupoteza makali kidogo ili kilichobaki kisibadilike tena. Wengine wanaacha bati kabisa na kwenda kwa oksaidi ya galiamu, ambayo huyeyuka baada ya kupita nyuzi 1,700 na hivyo nyuzi 700 kwake si tisho kubwa.

Waliotangulia mbele

Nchini Sweden, mwaka wa 1975, mwanafizikia Ingemar Lundström na wenzake walionyesha transista ya silikoni yenye lango la paladi inayoweza kuhisi haidrojeni. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, akiwemo Anita Lloyd Spetz, walichukua wazo hilo na kubadilisha msingi wake. Badala ya silikoni, wakatumia silikoni kabaidi, mchanganyiko wa silikoni na kaboni ambao ni mgumu kiasi kwamba hutumiwa kutengeneza msasa na mawe ya kunolea. Elektroni zake zimeshikwa kwa nguvu karibu mara tatu ya zile za silikoni, kwa hivyo haziruki ovyo upesi. Vihisi vyao vilifanya kazi kwenye mamia ya nyuzi na vikajaribiwa kwenye moshi wa magari na mitambo ya kupasha maji.

Marekani nako, kituo cha Glenn cha shirika la anga za juu la NASA kilitaka kujua chipu za aina hiyo zitadumu vipi kwenye sayari ya Zuhura, ambako joto ni takriban nyuzi 460 na mgandamizo wa hewa ni kama mara 90 ya huku kwetu. Chombo cha Kisovieti cha Venera 13 kilitua huko mwaka wa 1982 na kikadumu dakika 127 tu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016, chipu za silikoni kabaidi zilikaa saa 521 ndani ya chemba iliyoigiza hali hiyo, bila kupozwa na bila kufunikwa, zikiendelea kufanya kazi. Hizo hazikuwa vihisi, zilikuwa ubongo tu. Lakini pua bila ubongo wa kusoma inachonusa haina maana.

Huku kwetu kitafanya nini?

Kenya inapata takriban asilimia 40 ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka wa 1981 ukiwa na megawati 15. Chini ya visima, joto linapita nyuzi 250, na mvuke unapanda na gesi kadhaa, kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi zikiwemo.

Kifaa kidogo ambacho mfanyakazi wa maeneo kama hayo huvaa kifuani kwa kawaida hutumia kemikali za umeme zinazopenda hali ya hewa ya kawaida, hadi nyuzi 50 hivi. Kinalinda mtu, lakini huwezi kukitumbukiza ndani ya bomba. Ukitaka kujua kilichomo kwenye mvuke, njia ya kawaida ni kuchukua sampuli, kuipoza na kuipima. Kihisi kinachoweza kuishi ndani ya bomba lenyewe kingeleta habari papo hapo: gesi imeongezeka, kisima kimebadilika tabia, kuna kitu kinaanza kula chuma.

Nenda Athi River kwenye viwanda vya simiti. Ili mawe ya chokaa na udongo yageuke klinka, yanachomwa hadi karibu nyuzi 1,450. Oksijeni ikipungua tanurini, mafuta yanaungua nusunusu, kaboni monoksaidi inatoka na pesa zinapotea na moshi. Ikizidi, unapasha moto hewa ya bure. Anayepima vizuri anachoma kidogo, anachafua kidogo.

Na barabarani? Magari mengi tunayonunua yameshatumika Japan kwa miaka kadhaa. Kihisi cha oksijeni kikichoka, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Wapo wanaoamua kuificha taa. Wapo wanaong'oa kile kichujio cha moshi ambacho mafundi wanaita katalitiki na kukiuza, kwa sababu ndani yake kuna platini na paladi. Gari linaenda, ndiyo. Ila linakula petroli zaidi, na kinachotoka nyuma kinaingia kwenye mapafu ya mtoto anayengoja basi la shule.

Ukitaka kuingia kwenye hii game

Pengine unasema, "Sawa buda, lakini haya ni mambo ya Sweden na Japan." Si lazima. Juja, ndani ya JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika inayofunza sayansi na teknolojia hadi uzamifu kwa vijana kutoka bara zima, kwa ufadhili. Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa mvuke wa ardhini, na katika bustani yake ya sayansi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayotengeneza chipu. Ukiweka hivyo vitatu pamoja, yaani anayepika maada, anayejua visima na anayejua chipu, una karibu kila mtu unayemhitaji kwa kihisi cha Olkaria.

Kinachotakiwa kwako si kuwa genius. Kemia na fizikia za sekondari, ndiyo. Hisabati ya kutosha. Halafu uvumilivu wa ajabu, kwa sababu utachoma unga mara arobaini ili mmoja ukubali, na kuna usiku utalala maabara ukisubiri grafu isisogee. Furaha ya kazi hii ni grafu iliyolala flat kama barabara ya Garissa, wiki baada ya wiki.

Wakati huo ukifika, tumia vihisi ulivyonavyo. Jiko la makaa libaki nje usiku, hata kama baridi ya Julai inauma. Ukinusa gesi ya mtungi, kumbuka harufu hiyo ilitiwa makusudi kwa sababu gesi yenyewe karibu haina harufu. Funga valvu, fungua madirisha, usiguse swichi. Ukiwa Olkaria na harufu ya yai viza ikakata ghafla, usishangilie, ondoka. Na taa ya injini ikiwaka kwenye gari lenu, mwambie fundi wa Kirinyaga Road apime kilichoharibika, asiguse ile taa.